Siku ya Glavu

Vinje, 28 Septemba 1984

Oddny, mdogo wangu,

Barua yako imefika Jumanne ikiwa imelowa pembeni. Huyu tarishi mpya anaubeba mfuko kana kwamba ana ugomvi na sisi sote tuliomo ndani. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana ukisomwa kimoyomoyo unaonekana mpole, na wewe si mpole.

Viazi nimemaliza kuchimba, magunia sita. Gunnvor wa nyumba ya juu alikuja kunisaidia bila kuitwa. Akanikosoa tangu tuta la kwanza hadi la mwisho, kisha akaleta keki zake nyembamba na jamu, tukala tumeketi juu ya magunia. Siku hizi anakuja mara nyingi hivi kwamba paka wake anadhani anaishi kwangu. Miti miwili ya langoni imegeuka njano. Ndege wa safari wameshamaliza beri zote nyekundu za uani na kwenda zao kusini bila hata kwaheri.

Mesi, hawa ndege wetu wadogo wa baridi, wameanza kuja asubuhi. Hawadai kitu. Wanakaa kwenye uzio na kofia zao nyeusi na matumbo yao ya njano, wanatazama dirisha la jikoni, kisha wanatazama nguzo ambayo bado haina ubao wa kulishia. Yule mwenye mstari mweusi machoni kama miwani, anayeshuka mtini kichwa chini miguu juu, naye yupo. Bado ana sura ya Mwalimu Tveito akikagua kucha zetu.

Mimi sijambo. Ila ngazi za kwenda darini zimeongezeka mwaka huu. Nadhani kuna mtu anakuja kuongeza moja kila wiki.

Kaka yako,
Halvdan


Tromsø, 5 Oktoba 1984

Kaka Halvdan,

Mimi si mpole? Nani alikufungia vidonda ulipoanguka kutoka kwenye paa la zizi ukijifanya mwewe? Haya, yaishe.

Huku tumeshaanza kuwasha taa mapema. Ghorofa ya tatu haina bustani, unajua, na Randi ni binti mwema kwa mama yake, lakini hataki hata chungu cha maua kwenye roshani yake. Nilitoa ngozi ya samaki kwenye sahani, kidogo tu, nione nani atakuja. Wakaja shakwe tisa. Walikula ngozi, wakaondoka na vibanio vya nguo, na mmoja akaingia chumba cha jirani. Randi hakunigombeza. Alinitazama tu mimi, mama mzima wa miaka sitini na minane, nikaona afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo macho yangu ni wewe. Jumapili ya tarehe kumi na nne nitakuwa nimeketi hapa na kahawa yangu saa mbili asubuhi, nikijua kwamba saa hiyohiyo unaigeuza ile fimbo ya kalenda iliyochongwa alama za siku, iliyo juu ya mlango, kutoka upande wa kiangazi kwenda upande wa baridi, na alama ya kwanza pale ni glavu, kama ya kwanza ya kiangazi ilivyo mti, tarehe kumi na nne Aprili. Halafu unatoka na kikombe cha alizeti. Shindano ni lilelile: mimi nasema wa kwanza kutua kwenye ubao ni mesi, wewe utasema ni Mwalimu. Ukishinda, nakufumia glavu. Nikishinda, unaniletea jibini la kahawia, lile la mbuzi, na usinipunje. Miaka kumi na tisa tumeshindana na hujawahi kukubali kushindwa bila barua tatu za kubishana. Mwaka juzi ulidai mesi wangu "alipita tu".

Angalia usisahau kusugua ubao kwa maji ya moto. Na lile neno la Mama sina haja ya kukukumbusha: usianze siku ya glavu kama huwezi kufika siku ya mti. Ndege aliyezoea ubao wako hatafuti kwingine, na ukimwacha Januari atakufa akiwa anakuamini. Kila nikiandika maneno haya namsikia akiyasema, mikono yake ina unga.

Wako mpole sana,
Oddny


Vinje, 16 Oktoba 1984

Oddny,

Salamu nyingi. Hapa baridi imekuja mara moja, maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu jana. Nimesafisha bomba la jiko. Kwaya ya kanisa imepata mwimbaji mpya wa sauti nzito, mtu wa Rauland, na Gunnvor anasema anaimba kama ng'ombe aliyekwama, lakini anakwenda kumsikiliza kila Jumapili. Barabara ya juu inatiwa lami. Mashine zinapiga kelele mchana kutwa na kuku wa Gunnvor wamegoma kutaga.

Fimbo nimeigeuza. Wa kwanza alikuwa mesi. Umeshinda. Jibini nimeshalituma na basi la jana, kilo mbili.

Jitunze na hiyo baridi ya huko. Msalimie Randi.

Halvdan


Tromsø, 24 Oktoba 1984

Mpendwa Gunnvor,

Utashangaa kupata barua yangu. Tumejuana tangu shule na sijakuandikia hata kadi. Nisamehe, na unifanyie jambo moja bila kumwambia kaka yangu. Simama kwenye ua wako utazame chini kwetu, uniambie kuna nini kwenye nguzo iliyo mbele ya dirisha la jikoni.

Jibini limenifikia. Ni kilo mbili kamili, halikupunjwa, na hakuna neno la ubishi. Nimelifungua nikashindwa kulila.

Oddny


Vinje, 30 Oktoba 1984

Oddny mpendwa,

Kutazama kwenu si kazi, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwenye nguzo hakuna kitu. Ubao uko bandani, umefunikwa kifudifudi kama ulivyowekwa Aprili. Ndege wanakaa kwenye uzio mstari mmoja wakitazama dirisha, mpaka mimi mwenyewe naona haya.

Nilimwuliza. Nikamwambia, "Halvdan, umekuwa mchoyo uzeeni? Mbegu za alizeti zinakushinda?" Akasema, "Aliyeanza hana ruhusa ya kuacha, Gunnvor." Nikamwambia, "Sasa wewe si hujaanza?" Akasema, "Ndiyo hivyo." Akaingia ndani. Ukinielewesha hayo maneno utakuwa umenisaidia, maana mimi nimeona ni uchoyo tu uliovaa koti la Jumapili.

Na kuna jambo la pili, nakuambia kwa sababu wewe ni dada yake. Kila Alhamisi anapanda basi la kwenda Skien. Amenyoa, amevaa shati jeupe, ana kimkoba kidogo. Anarudi jioni amechoka, hataki maongezi. Mara nne sasa. Kama kaka yako amepata mwanamke mjini, ni haki yake, ana miaka sabini na miwili na hajawahi kuoa, hakuna wa kumzuia. Lakini angesema. Mtu umekula keki zake miaka yote hii, ungemwambia.

Sijakasirika.

Gunnvor Haugen


Tromsø, 3 Novemba 1984

Halvdan,

Mwongo mkubwa wewe. Na hata uongo wenyewe hujui. Mtu akitaka kunidanganya kuhusu mesi, abishe kwanza. Ulipokubali kushindwa kwa mstari mmoja nilijua una jambo, Randi ni shahidi, nilimwambia hapohapo mezani: kaka anaumwa.

Sikuulizi kama unaumwa. Nakuuliza daktari wa Skien amesema nini. Gunnvor anadhani umepata mchumba, na amelichukua vibaya kuliko anavyojua mwenyewe. Lakini mwanamume hanyoi ndevu kila Alhamisi na kurudi amechoka hivyo kwa ajili ya mapenzi, si kwa umri wako. Na ubao uko kifudifudi. Yeye ameona uchoyo. Mimi nimeona kwamba kaka yangu amehesabu miezi kutoka glavu hadi mti, akaona haimtoshi.

Sasa nisikilize, maana nimelia jana, leo sitaki kulia, nataka kusema. Mama alianza. Oktoba ya mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tatu alitoka na kikombe akikohoa mpaka anashika nguzo. Alijua. Watu wazima wote walijua, ni sisi wawili tu tusiojua. Tarehe mbili Februari tukamzika. Asubuhi ile ya mazishi nyumba imejaa watu na kahawa, nani aliamka kabla ya wote? Nilikuona dirishani. Ulikuwa umevaa koti la Baba, linaburuta kwenye theluji, umebeba kikombe kwa mikono miwili. Na siku ya tatu Baba, aliyekuwa akiwaita ndege wezi wenye manyoya, akatoka akakusukumia theluji upate njia. Tulifika siku ya mti. Hakuna ndege aliyekufa akituamini bure.

Niandikie ukweli. Ukiniandikia tena habari za lami nitakuja kukupiga.

Oddny


Vinje, 9 Novemba 1984

Oddny,

Haya. Ni moyo. Kuna mlango mmoja ndani haufungi sawasawa, unavuja kama lango la zizi lililolegea bawaba. Daktari ni kijana, anachora kwenye karatasi vizuri sana, mpaka nikasahau kwamba ananichora mimi. Wanaweza kunipasua Oslo mwezi wa Desemba. Nikikubali, kuna nafasi nzuri, lakini wapo wasioamka. Nikikataa, labda nione Krismasi, labda nisione theluji ikiyeyuka. Anataka jibu kabla ya tarehe ishirini, maana kitanda changu kina watu wengine wanaokisubiri.

Sijamjibu. Naogopa, Oddny. Nimeandika neno hilo nikalitazama, na halikunipunguzia kitu, lakini sasa na wewe unalo.

Tarehe kumi na nne nilitoka, nataka uamini. Nilisugua ubao kwa maji ya moto. Niligeuza fimbo. Nilijaza kikombe, nikafika kwenye nguzo, na mesi mmoja alikuwa kwenye uzio karibu hivi, ningeweza kumgusa. Akanitazama. Nikaona siwezi kumwapia ndege miezi sita nikiwa na miwili mfukoni. Nikarudisha mbegu kwenye kopo. Halafu nikakaa kwenye ngazi kwa sababu pumzi ilikatika, na yeye akanisubiri.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Lile koti nilikuwa nimelisahau, lakini hasira sikusahau. Miaka sitini nimemkasirikia Mama kidogo kwa sababu alianza. Alijua hatamaliza, akaanza, akaniachia kikombe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi mpaka Aprili nilitoka nikiwa nimekasirika, na nilipofika kwenye ubao nilikuwa nalia, ndege wakidhani ni kawaida ya watu. Sikutaka kumwachia mtu yeyote kikombe hicho.

Na Gunnvor nitamweleza mwenyewe. Tafadhali usimwambie kwamba nimecheka.

Halvdan


Tromsø, 14 Novemba 1984

Kaka yangu,

Mama hakuanza kwa sababu alisahau atakufa. Alianza kwa sababu alikuwa na sisi. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, na hilo nimelielewa juzi tu, barua yako ikiwa mkononi. Neno lake halikusema anayeanza ndiye amalize. Lilisema ulishaji usikatike. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja na mikono miwili, naye alikuamini. Wewe una mimi. Nina miaka sitini na minane, magoti mabovu na mdomo mrefu, lakini kikombe cha mbegu nakiweza.

Nimekata tiketi. Meli mpaka Trondheim, halafu treni, halafu hilo basi lenu. Nafika Ijumaa tarehe ishirini na tatu na nitakaa hadi siku ya mti, upende usipende. Randi amenifungia mizigo haraka mno, nadhani anafurahi kwa ajili ya vibanio vyake.

Kabla sijafika fanya mambo mawili. Mpigie daktari. Na toa kikombe kimoja. Kimoja tu, kaka. Vingine ni vyangu.

Humu ndani kuna glavu moja, ya mkono wa kushoto. Ya pili nitaifuma huko.

Oddny


Vinje, 19 Novemba 1984

Oddny,

Barua hii itapishana nawe njiani, lakini shindano ni shindano na lazima liandikwe siku yake.

Nimempigia daktari saa tatu asubuhi. Nimesema ndiyo. Halafu nikatoka na kikombe, glavu moja mkononi, mkono mwingine mfukoni. Gunnvor alikuja kushika ubao. Nimeshamweleza. Aliuegemeza ubao kwenye nguzo. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unakufa tu," akaniparamia shingoni akalia, halafu akanikosoa namna ninavyopiga msumari.

Wa kwanza kutua alikuwa shomoro. Shomoro! Mchafu, hana mkia. Mesi na Mwalimu walikuwa wangali wanajadiliana kwenye uzio. Basi hakuna aliyeshinda. Jibini langu urudi nalo, kama bado lipo.

Halvdan


Vinje, 9 Desemba 1984

Kaka Halvdan, hospitalini Oslo,

Mimi sitakudanganya kama wewe. Nitakuambia yote niliyoona leo kutoka kwenye kiti chako, ambacho kwa kweli ni kibaya, sijui mgongo wako umevumilia vipi.

Theluji imelala tangu Ijumaa, na kwa hiyo wale ndege dompapi wamekuja, kumi na mmoja, vifua vyekundu, wanene kama wenyeviti wa mabaraza. Wanakula taratibu na kumwaga nusu chini, na shomoro wako asiye na mkia anaokota. Mesi siwahesabu. Mwalimu anachukua mbegu moja moja na kuzificha kwenye mpasuko wa ukuta wa banda. Nimemwona mesi mmoja akimfuata nyuma na kuzifukua. Nilimtikisia ndege kidole kupitia dirishani, nikajiona mjinga.

Nilianguka ngazini juzi, si sana. Kikombe kilimwagika na walikula hapo hapo miguuni kwangu. Gunnvor analala huku chumba cha darini tangu siku hiyo, eti kwa ajili ya magoti yangu. Naye paka wake sasa yuko nyumbani kweli.

Kesho kutwa ndiyo siku yako. Naogopa na mimi. Nimeamka mara kadhaa kuhakikisha mbegu zipo, ingawa ndege wamelala. Glavu ya kulia imefika kwenye kidole gumba. Nimesimama hapo. Nahitaji mkono wako wa kupimia, kwa hiyo uulete.

Oddny


Oslo, 21 Desemba 1984

Oddny,

Nipo.

Nisamehe mwandiko, naandika nimelala. Wanasema mlango sasa unafunga. Nausikiliza, unatoa sauti ndogo kama saa ya mfukoni, nikihesabu napata usingizi.

Dirishani hapa huja njiwa mwenye mguu mmoja. Siku tano sikumpa kitu, maana naondoka wiki ijayo na yeye haendi popote. Alinitazama vilevile kama yule mesi. Leo nikamwuliza muuguzi wa asubuhi, msichana wa Hamar, kama anaweza kuendelea mpaka tarehe kumi na nne Aprili. Akacheka, nikamwambia sichezi. Akafikiri. Akasema ndiyo.

Basi nikampa mkate.

Mkono nauleta.
Halvdan


Vinje, 14 Oktoba 1985

Oddny,

Fimbo imegeuzwa saa mbili kamili. Ubao umesuguliwa kwa maji ya moto, ukaguzi wa Gunnvor umepita baada ya mara mbili. Nilitoka na glavu zote mbili. Ya kulia kidole gumba bado ni kifupi, nitasema hivyo mpaka nife.

Wa kwanza ni Mwalimu. Nimeshinda. Alishuka mtini kichwa chini kama kawaida yake, akatua katikati ya ubao, akanikagua kucha, akachukua mbegu. Sasa Gunnvor atakuandikia, najua, barua yake ipo hapa mezani imefungwa, kwamba kabla ya hapo mesi alikuwa amekwisha kutua. Gunnvor hakuwa na miwani. Mesi alitua kwenye nguzo. Ukucha mmoja labda uligusa ukingo. Nguzo si ubao, Oddny, na ukucha si ndege.

Anza kufuma. Ukitaka kubisha, bisha, nina wino na nina gunia zima la alizeti. Kesi hii naweza kuiendesha hadi siku ya mti.

Kaka yako,
Halvdan